Vigelegele Vilivyotangulia Majibu

Kamwene, wanangu. Nawasalimu wote, ila maneno yangu ni hasa kwenu ninyi mnaoamka na simu mkononi kabla hata hamjanawa uso, mnaosubiri chuo kiseme kimewachukua au kimewaacha. Mimi chuo sikukiona. Shule niliiacha darasa la tatu, na hilo la tatu nililisoma mara mbili, kwa hiyo mtu asiseme sikukaa shuleni. Lakini kusubiri nakujua. Nimechoma tofali hapa Kitandililo, upande wa Makambako, tangu ndevu zangu zikiwa chache hata mtu angeweza kuzipa majina, mpaka zimekuwa nyeupe zote na nimeacha kazi. Na kuchoma tofali, wanangu, kuchoma kwenyewe ni kidogo. Kazi kubwa ni kusubiri bila kushikashika.

Aliyenifundisha ni Mzee Sanga. Alitoka Iwawa, kule Makete, ambako baridi ikikukuta unacheka unabaki na meno nje mpaka jua litoke. Alikuja Makambako na gunia la viazi na kalibu moja ya mbao, ya kufyatulia tofali, akaoa hapa, hakurudi. Alikuwa haongei. Ukimwuliza jambo anakuonyesha kwa kidevu. Mwaka wangu wa kwanza wote nilifundishwa na kidevu.

Viazi vile havikuwa vya kula tu. Tofali mnazipanga mpaka mnapata kama nyumba isiyo na mlango, ndiyo tanuru, na chini mnaacha matundu ya kuingizia magogo, tunayaita midomo. Juu mnafunika kwa tope. Sasa Mzee Sanga kabla ya kuwasha alikuwa anafukia viazi viwili vitatu juu kabisa, chini ya lile tope. Moto unawashwa chini, unapanda polepole, na huwezi kuchungulia. Ukitaka kujua umefika wapi unafukua kiazi. Kikiwa kibichi, ongeza magogo. Kikiwa kimeiva na kinanukia, ongeza magogo. Kikiwa mkaa, ukikibonyeza kinakuwa vumbi, hapo moto umefika juu. Ziba midomo yote upesi, upepo usiingie, kisha nenda nyumbani ukasubiri tanuru lipoe lenyewe.

Ukifungua mapema tofali zinapasuka. Baridi ya huku haina huruma na kitu cha moto. Nilimwona mtu mmoja, simtaji, alikuwa anajenga ili aoe, akafungua tanuru lake likiwa bado linapumua. Tukasikia ta! ta! ta! kama mahindi ya bisi. Alioa, lakini walianzia nyumba ya miti.

Na viazi vile viliwahi kutuletea msiba. Baada ya Mzee Sanga kuzeeka nilimchukua Bahati anisaidie, mtu mzima mwenye mke wake, mwenye nguvu za kubeba gogo la mti wa mwati peke yake. Ila Bahati na chakula ni ndugu wa damu. Siku moja napanda juu kufukua vipimo, hakuna kiazi.

"Bahati, viazi viko wapi?"

"Vilikuwa vimeiva, Mzee. Nikaona viache kuteseka."

"Vyote?"

"Kimoja kilikuwa kidogo sana, huwezi kukiita kiazi."

Basi hatukujua moto uko wapi. Tukaongeza magogo kwa kubahatisha. Tulipofungua, tofali za chini zilikuwa zimeyeyuka zimeshikana kama kashata, mwenye mali akawa anazigonga kwa nyundo huku ananitazama mimi. Tangu hapo nikawa nafukia viazi vinne. Vitatu vya kupimia, kimoja cha Bahati.

Sasa nije kwa Tumsifu, maana ndiye aliyenifanya nishike kalamu.

Tumsifu ni mjukuu wangu wa kike, mtoto wa binti yangu Eliza anayeshona nguo kule Mjimwema, Njombe mjini. Alikulia kwetu. Alipokuwa mdogo ng'ombe wetu alishindwa kuzaa, akalala kutwa akihema. Akaja bwana mifugo na pikipiki kutoka mjini, akavua shati kwenye baridi ile, akaingiza mkono mpaka begani, akatoa ndama mzima mzima. Watoto wengine walikimbia. Tumsifu alishika ndoo ya maji ya moto, wala hakufumba macho. Jioni akaniambia, "Babu, nataka kazi ile ya mkono." Nikacheka. Hakucheka.

Akamaliza kidato cha sita, akafaulu. Maombi ya chuo siku hizi yanatumwa kwa mtandao, akaenda steshenari pale Makambako. Mashine inakuruhusu kujaza vyuo vingi na kozi nyingi, ukikosa hiki unapewa kile. Yeye akajaza chuo kimoja, kozi moja. Udaktari wa mifugo. Basi.

Bahati alishika kichwa. "Mama, jaza hata ualimu! Jaza na kilimo hapo pembeni, kitakaa tu, hakikusumbui."

"Nikijaza cha pili, baba, watanipa cha pili."

"Na ukikosa cha kwanza?"

"Nitakuwa nimekosa nilichokitaka."

Tulijua hatari ya jambo lile, na ninyi mnaijua kuliko mimi. Majibu ya awamu ya kwanza yakitoka na jina halimo, kozi ile inakuwa imejaa, na awamu ya pili unaokota yaliyobaki kwenye ungo. Majirani nao walisema yao. Wengine hawakuhofia kukosa, walihofia kupata: miaka yote hiyo ya shule, halafu akatibu ng'ombe? Mke wangu, Mama Eliza, aliwajibu sokoni mbele za watu: "Mgonjwa wa binadamu anamwambia daktari, naumwa hapa. Ng'ombe anasema mmoo. Sasa daktari hasa ni yupi?" Tangu siku ile sikuwahi kubishana na mke wangu kuhusu jambo lolote la hospitali.

Majibu yalikuwa yatoke wiki ile ile niliyokuwa nachoma tanuru langu la mwisho. Nililichoma kwa ajili yangu mwenyewe, nijenge jiko na ukuta wa uani, nistaafu kama watu wanavyostaafu. Ilikuwa kiangazi, sakitu, ule umande unaoganda, imechoma majani yote, hata ulanzi, pombe yetu ya mianzi, hakuna maana msimu wake si huo, kwa hiyo haya niliyaona nikiwa na akili zangu zote.

Na mnisikilize hapa. Udongo mzuri uko bondeni, na bondeni mtandao hakuna. Lakini tulipokuwa tunapanga tofali, tanuru likapanda, likapanda, siku moja Tumsifu kakaa juu yake anatusogezea tofali, simu ikalia tii! Ujumbe umeingia. Kumbe pale juu mtandao unafika! Ikawa ndiyo kazi yake. Anakaa kileleni mwa tanuru kama kuku anayeatamia, simu juu ya goti, sisi huku chini tunauliza, "Vipi?" Anajibu, "Bado." Bahati akawa anauliza kila akipandisha tofali. Vipi? Bado. Vipi? Bado. Mpaka kunguru wakazoea.

Kisha tukawasha moto. Moto umeshika vizuri, magogo yanalia, mimi nimejisimamia nasifu kazi yangu, Tumsifu akasema taratibu, "Babu, na mtandao?"

Hakuna aliyekuwa amefikiria. Tulikuwa tumewasha moto chini ya mnara wetu.

Mama Eliza alicheka mpaka akakaa chini. Ikabidi binti awe anapanda kule kilimani kwenye miwati, mwendo wa kutoa jasho, anasimama kwenye kisiki fulani mkono juu. Tukimtazama kutoka bondeni anaonekana kama mtu anayesimamisha ndege.

Nikiwa fundi wa kusubiri ningewaambia nilitulia. Nawaambia ukweli: nilifagia eneo la tanuru, nikafagia tena, nikafagia njia, nikaanza kufagia njia ya jirani. Mzee Sanga wakati wa kusubiri alikuwa anasuka vikapu vya mianzi. Nilidhani anapenda vikapu. Siku ile ndipo nilielewa kuwa mikono yake ilikuwa inakatazwa kugusa tanuru. Kwa hiyo na ninyi, mkiwa mnasubiri, tafuteni kikapu chenu. Menyeni viazi. Fueni mablanketi. Ukiufungua ule ukurasa wa chuo mara mia kwa siku, tofali haziivi upesi.

Siku ya pili, mchana, nikafukua kiazi. Mkaa. Nikafukua cha pili. Mkaa mtupu, kimekuwa vumbi kwenye vidole. Nikamwambia Mama Eliza, "Ita watu."

Kwetu kufunga tanuru si kazi ya wawili. Inataka tope jingi na mikono mingi kwa mara moja, kila mdomo uzibwe kabla upepo haujajua. Na desturi yetu hapa bondeni, mama mwenye tanuru anapiga vigelegele, majirani wakisikia wanachukua ndoo wanashuka. Wamefanya hivyo tangu enzi za Mzee Sanga, ambaye alikuwa anamwonyesha mkewe kwa kidevu tu, vigelegele vinatoka.

Mama Eliza akasimama, akajifunga kitenge, akapiga. Mke wangu ana koo. Kule barabarani pikipiki zilisimama.

Tukasubiri ndoo.

Wa kwanza kutokea alikuwa mwinjilisti wetu, amevaa koti, tena koti la Jumapili. Nikajiuliza, huyu atabebaje tope na koti? Nyuma yake akina mama na sufuria. Nyuma yao kuku, kichwa chini, anabebwa na mtu anayeimba. Halafu ngoma ya kwaya. Hakuna ndoo hata moja. Wanashuka bondeni mstari mzima wanaimba, "Hongera, hongera Daktari," na mwinjilisti akanikumbatia, tope langu lote likahamia kwenye koti lake, wala hakujali.

"Babu Daktari! Bwana ametenda!"

Ndipo nikaelewa. Kata nzima ilikuwa inajua binti anasubiri majibu. Walipomsikia Mama Eliza, nani akumbuke tanuru?

Nikafungua mdomo niwaambie. Nikanyanyuliwa juu. Jamani, mtu akinyanyuliwa juu na watu wanne hawezi kusahihisha kitu. Nilisema, "Sikilizeni, si hivyo," wakaitikia, "Si hivyoooo," wakaingiza kwenye wimbo.

Na Tumsifu akatokea mbio kutoka kilimani. Ameona watu, amesikia ngoma, viatu ameacha njiani. Uso wake, wanangu, uso ule sitausahau. Ulikuwa umefunguka wote kama dirisha la asubuhi. Akanifikia, wananishusha, akanishika mikono.

"Babu, nimepata? Nani kawaambia? Wamempigia mama?"

Hapo ngoma ikawa mbali. Kwa sababu mtu wa kumjibu ni mimi.

Nikasema, "Hatujui, mama. Bibi yako aliita watu wa tanuru."

Akanitazama. Akawatazama wale watu. Akamtazama kuku. Uso ukajifunga, nikasikia kama lile tanuru lililofunguliwa mapema, ta, ta, ndani ya kifua changu. "Babu," akasema kwa sauti ndogo, "na nikikosa? Hawa wote watakuwa wameshacheza."

Wakaanza kuambiana. Ngoma ikanyamaza kwa vipande, kwanza aliye karibu, halafu wa nyuma. Mwenye kuku akauliza, "Sasa huyu nimrudishe?" Mama Eliza ndiye aliyekata shauri.

"Mumrudishe wapi? Kuku aliyeimbiwa harudi bandani. Mwinjilisti, omba."

"Niombe nini, Mama Eliza? Nilikuja kushukuru."

"Shukuru, halafu uombe."

Yule mtu wa Mungu akavua kofia. Akasema, "Bwana, tumekwisha kukushukuru. Sasa tunakuomba hicho tulichokushukuru. Usituaibishe sote kwa pamoja, wewe na sisi. Amina." Mtu mmoja akapasuka kwa kicheko, na kicheko cha bondeni hakina mwenyewe, tukaanguka wote. Hata Tumsifu. Alicheka huku machozi yanamtoka, na nadhani mwenyewe hakujua yapi ni ya nini.

Katikati ya kicheko hicho Bahati akapiga kelele, "Mzee! Midomo!"

Tanuru! Tulikuwa tumelisahau wazi muda wote wa ngoma. Upepo wa mashariki unaingia kama mtu aliyealikwa, magogo ya upande ule yamekuwa jivu. Nilitoa amri ambazo sikuwahi kuzitoa maishani. Sufuria zikawa ndoo. Koti la Jumapili likatundikwa kwenye mti, mwinjilisti akaingia kwenye tope mpaka magotini. Akina mama wamevaa vitenge vizuri, wanakanda tope, wanaimba ule ule wimbo wa hongera maana hakuna aliyekuwa na nafasi ya kutafuta mwingine. Tumsifu alikuwa mbele ya wote, tope mpaka kwenye viwiko, anaziba, anapiga kofi, anaziba. Simu alikuwa amempa Bahati: "Nenda kisikini, baba. Mimi nikikaa kule nitakufa."

Bahati akaenda. Tukaziba mdomo wa mwisho. Tukageuka kumtazama, naye yuko kule juu mkono hewani. Halafu tukaona mkono umeshuka. Halafu tukaona Bahati anakuja, na Bahati, kwa tumbo lile, hakuwahi kukimbia isipokuwa kuelekea chakula.

"Umeingia! Umeingia!"

"Unasemaje?"

"Kizungu!"

Bahati kizungu hajui. Mimi mnanijua. Mwinjilisti anajua, ila miwani iko kwenye koti na koti liko mtini. Tumsifu mikono yake ni tope tupu, na simu ni ya kugusa. Mama Eliza akaichukua, akaifuta kwenye kifua chake, akaishika mbele ya uso wa binti kama mtu anayeshikia mwenzake kioo cha kuvalia kilemba.

Tumsifu akasoma. Macho yakaenda, yakarudi, yakaenda tena. Akakaa chini kwenye tope, pwaa.

Nikasema moyoni, basi.

"Ndiyo yenyewe," akasema. "Bibi, ndiyo ile ile. Mifugo. Wamenichukua."

Na hapa, wanangu, mtadhani bonde lilipasuka. Halikupasuka. Watu walikuwa wamekauka. Walishaimba, walishacheka, walishabeba tope, koo zimeisha. Mama Eliza akainua kichwa apige vigelegele vya kweli, vyenye haki yake, na ikatoka sauti kama baiskeli isiyotiwa grisi. Akajaribu tena. Kriii. Tumsifu akamtazama bibi yake, akainua kichwa yeye mwenyewe, akajipigia. Sikuwahi kumsikia binti akijipigia vigelegele. Vilikuwa vibaya sana, havina mafunzo. Vilitosha. Tukamla kuku.

Tanuru nililiacha lipoe kwa heshima, sikuligusa. Nilipofungua, upande wa magharibi tofali zilikuwa nyekundu, ukizigonga zinalia kama kengele. Upande wa mashariki, ule ulioachwa wazi wakati wa ngoma, zilikuwa rangi ya biskuti, ukucha unaingia. Bahati alisikitika. Nikamwambia furaha ina mengi, ila haichomi tofali.

Zile nyekundu nikajengea jiko na ukuta. Za biskuti sikuwa na moyo wa kuzitupa, nikajengea zizi la ng'ombe. Hiyo ndiyo kazi yangu ya mwisho ya tofali, na ni mbaya kuliko zote nilizowahi kufanya.

Juzi Tumsifu alikuja likizo. Kabla hata hajanywa chai alikwenda zizini, akamshika ng'ombe taya, akamfunua kope, akamsikiliza tumbo kwa kile kidude cha masikioni, mimi nikiwa nimesimama pale kama baba wa mgonjwa. Kisha akaona ukuta. Ng'ombe wetu anazilamba zile tofali za biskuti. Amelamba mpaka pametokea shimo ukubwa wa sahani.

"Babu, huyu anatafuta madini. Mnunulieni jiwe la chumvi. Na huu ukuta mpige plasta, atautoboa."

Nikaenda kutafuta mwiko. Mama Eliza akanizuia mlangoni.

"Mwache alambe," akasema. "Siku ile ya ngoma yeye hakualikwa."